Uji wa Mkamwana

Hellen aliamka na hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya siku ile. Alikuwa amelala nayo, akaamka nayo, akashuka nayo hadi jikoni pekupeku, mkono mmoja sufuria mpya, mkono mwingine mfuko wa vitu alivyonunua sokoni jana yake bila kumwambia mtu. Kushal, mumewe, alikuwa bado anakoroma. Champaben, mama mkwe wake, alikuwa chumbani kwake anasali, na kengele yake ndogo ilisikika mpaka koridoni. Leo uji ungepikwa kwa mkono wa Hellen ndani ya nyumba hii, na wa kukasirika akasirike.

Usilione jambo hili dogo. Mwaka na nusu tangu aolewe, Hellen hakuwahi hata kuwasha jiko katika nyumba ile. Si kwamba alikatazwa. Angekatazwa angepata pa kuanzia ugomvi. Kila alipotia mguu jikoni, Teodora, mama mtu mzima wa Sengerema aliyepika pale tangu Kushal anasoma shule ya msingi, alimpokonya kisu kwa upole na kumwambia mama mkubwa amesema usichoke. Na mama mkubwa mwenyewe, Champaben, akimkuta, alitabasamu lile tabasamu lake la kuuzia vitambaa dukani. "Kaa tu, mama. Pumzika. Utaletewa." Na kweli aliletewa, kwenye trei, chakula kimefunikwa, kitambaa cha kufutia mikono kimekunjwa pembetatu. Kuna adabu nyingine ukiitazama vizuri ni tusi lililopigwa pasi, na tusi hili Hellen aliandaliwa asubuhi, mchana na jioni.

Kazini kwake wasingeamini. Hellen alikuwa mkata tiketi wa kivuko cha kwenda Kamanga, na pale gatini hakuna aliyemchezea. Alishawarudisha wanaume wazima na mbuzi wao waliojifanya mizigo ya mkononi. Alishamwambia mheshimiwa mmoja apange foleni kama wenzake, na mheshimiwa akapanga. Hellen huyohuyo, akirudi nyumbani, aliketi sebuleni mikono mapajani akisubiri chai, kama mtu aliyekuja kuulizia chumba cha kupanga.

Angeweza kuendelea kuvumilia, maana binadamu huzoea mengi. Kilichommaliza ni Aarti.

Aarti aliolewa na Vipul, mdogo wake Kushal, akaletwa kutoka Bukoba. Siku ya pili tu, Champaben alimshika mkono, akamwingiza jikoni mbele ya watu wote, akampa mwiko. Ndipo Hellen alipojifunza kwamba kwa watu wa mumewe mke mpya akianza kupika hupika kitu kitamu kwanza. Aarti akapika halua laini ya ngano, imezama kwenye samli, wote wakala, Champaben akamvisha bangili na kumbariki kichwani. Tangu siku hiyo jiko likawa la Aarti pia. Na kelele zikaanza. Wewe Aarti, chapati gani hizi ngumu! Wewe Aarti, chumvi unaigawa bure? Aarti alilia chooni, akamwambia Hellen kwamba yeye ana bahati, hajui adha ya mama yule.

Hellen alimpangusa machozi. Alikuwa anamwonea wivu wa kukaripiwa. Hakuna aliyewahi kumwita "wewe" katika nyumba ile. Yeye alikuwa "mama", kama wateja.

Na Hellen alikuwa na sababu nyingine ya kuchemka, ya zamani zaidi, ambayo hakuwahi kumwambia mtu ila mumewe. Kwao Usagara, katika ukoo wao wa Kisukuma, bibi harusi haweki kitu mdomoni ukweni mpaka mama mkwe amfunike kanga mabegani. Hapo ndipo amekaribishwa. Akila kabla, watu watauliza alilelewa na nani. Shangazi yake, Ng'washi, alijua kwamba Champaben hana habari na mambo hayo, kwa hiyo akanunua doti ya kanga kwa hela yake na kumkabidhi Kushal mkononi, Hellen akiona. Akamweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu anayetumwa dukani: mpe mama yako, mwambie amfunike mkeo kabla hajampa chakula. Kushal akaitikia ndiyo shangazi, nimeelewa shangazi.

Ndoa ilifungwa bomani. Champaben hakwenda, alisema kichwa kinamuuma. Lakini jioni, bwana na bibi harusi walipofika nyumbani, alikuja mwenyewe sebuleni na sahani ya kitu cha moto, akaiweka mbele ya Hellen, akasimama. Hellen akainamisha kichwa, akalegeza mabega tayari kufunikwa. Akasubiri. Champaben naye alisimama tu. Kile kitu kikapoa kwenye sahani mpaka kikafanya ngozi juu. Mwisho Champaben akachukua sahani yake akaondoka bila neno, na tangu siku ile ikawa trei, Teodora, na kaa tu mama.

Hellen alimuuliza Kushal kama kanga ilimfikia mama yake. Kushal akasema ilimfikia. Shangazi, kwa simu, akamwambia mwanangu kula usife njaa, ila ujue hawajakupokea. Kwa hiyo Hellen alikula alicholetewa na Teodora, na kila tonge lilipita na uchungu wake.

Na nyumba yenyewe, jamani, ilikuwa inauza kanga! Duka lilikuwa chini, jiko nyuma yake, wao wanalala juu. Kanga zilipangwa pale toka sakafuni hadi darini, za maua, za korosho, za pindo jeusi, na Champaben, aliyezaliwa Magu nyuma ya kaunta ya baba yake, aliwauzia wanawake wa Kisukuma huku akiwaamkia mwangaluka, akiwauliza habari za mvua na ng'ombe. Kila aliyetoka pale alitoka na kanga na maneno mazuri. Ni mke wa mwanawe tu aliyekosa vyote viwili.

Wiki hii Vipul na Aarti walikuwa Bukoba kusalimia. Jiko lilikuwa tupu, na Hellen aliingia.

Alikuwa amejipanga. Sufuria ilikuwa mpya, haijawahi kuona samaki wala nyama, maana hakutaka Champaben, ambaye hagusi nyama, apate kisingizio cha kukataa. Aliwasha gesi. Alikoroga unga wa ulezi kwa maji baridi mpaka madonge yote yakaisha, akaumimina kwenye maji yanayochemka, akazungusha mwiko mbio usije ukashika. Bibi yake alipika uji mwembamba wa kwenda nao shamba. Huu haukuwa huo. Huu ulikuwa uji wa sherehe ambayo hakufanyiwa, uji wa keki ambayo haikukatwa bomani, na aliutilia kila kitu. Maziwa mazito. Sukari guru, aliyoikwangua kwa kisu mpaka kiganja kikawaka moto. Iliki aliiponda kwa tako la glasi, na kila punje aliipa jina: hii Kushal, hii Champaben, hii Kushal tena. Akafungua chupa ya samli ya ng'ombe wa baba yake, iliyozibwa kwa gunzi la hindi, akakaangia korosho mpaka zikawa za dhahabu, kisha ndizi mbivu zilizokatwa mviringo, akazinyunyizia sukari mpaka zikashikana kingo. Zabibu kavu zikafuata. Uji ukageuka rangi, ukawa wa kahawia inayong'aa, ukaanza kupumua mapovu mazito.

Ulikuwa unanukia vizuri sana, na jambo hilo nalo lilimuudhi. Mtu anayejua kupika hivi, alijiambia, ameketishwa kwenye kochi mwaka na nusu.

Kengele ya sala ilinyamaza. Champaben akatokea mlangoni na sari yake nyeupe ya ujane, funguo kiunoni, Teodora nyuma yake amejishika mdomo.

"Shikamoo mama," alisema Hellen, maana hata mwenye hasira anaamkia.

"Marahaba, mama." Tabasamu la dukani lilikuwa pale pale. "Umeamka mapema. Teodora yupo. Kaa, utaletewa."

Hellen akaweka mwiko mezani. Alijisikia vizuri kuuweka kwa kishindo.

"Sikai," alisema. "Nimekaa mwaka na nusu. Aarti hakukaa hata siku mbili. Leo uniambie, mama, kwa nini mke wa mdogo ameshikwa mkono akaletwa hapa, na mimi mke wa mkubwa naletewa trei kama mgonjwa. Kama hunitaki, sema hunitaki, nijue. Nitafunga virago vyangu leo hii."

Na hakuwa anatisha tu. Begi lilikuwa juu, chini ya kitanda, limeshafungwa nusu. Uji huu ungeliwa, au ungemwagwa, na yeye angeondoka.

Tabasamu lile likaondoka kwenye uso wa Champaben. Chini yake palikuwa na uso mwingine kabisa, wa mtu aliyekasirika muda mrefu kuliko Hellen mwenyewe.

"Unaniuliza mimi?" alisema. "Mimi? Jiko hili niliwasha mwenyewe jioni ile. Sikukutaka, sikufichi, nilitaka msichana wa kwetu. Lakini nikasema huyu ameshakuja, nimpikie kwa mkono wangu. Nikapika lapsi. Ngano, samli, sukari guru, kama alivyonipikia mama mkwe wangu. Nikakuwekea mbele. Hukuigusa. Hukunitazama hata usoni. Nimesimama pale mpaka miguu inauma, mtu mzima mimi, nakubembeleza kwa sahani. Halafu kesho yake Teodora anakuletea ugali na mboga, unakula mpaka unalamba vidole. Cha mkono wa Teodora kinalika, cha mkono wangu ni uchafu. Sasa unataka kushika mwiko wangu?"

"Nilikuwa nasubiri unifunike."

"Nikufunike nini?"

"Kanga, mama. Kanga uliyopewa na Kushal."

"Kanga gani?"

Hellen alikuwa ameuza tiketi za kutosha kujua sauti ya mtu anayedanganya umri wa mtoto ili alipe nusu. Aliisikia kila siku kupitia kidirisha. Alisikiliza swali lile la Champaben, akalirudia kichwani, na hakukuta uwongo ndani yake.

Akaeleza. Alieleza vibaya, akirukia huku na huku, habari za Usagara na shangazi na bibi harusi asiyekula, habari za mabega aliyoyalegeza jioni ile. Champaben alisikiliza bila kupepesa macho. Hakuna aliyeukumbuka uji, nao ukaendelea kuchemka peke yake.

"Kwa nini hukusema?" Champaben aliuliza.

"Bibi harusi ajisemee mwenyewe, nifunikeni jamani nina njaa? Na wewe kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize kwa nini hutaki chakula changu?"

Walitazamana. Kila mmoja alikuwa amebeba jibu la mwenzake mwaka na nusu, na hakuna aliyefurahi kulijua. Hasira haikupungua. Ilikuwa imesimama tu katikati ya jiko, inatafuta pa kwenda.

"Na Kushal alijua?" Champaben aliuliza taratibu.

"Shangazi alimwambia. Na mimi nikamuuliza kama amekupa. Akasema amekupa."

Champaben akageuka kwenye ngazi akaliita jina la mwanawe. Teodora alisema baadaye kwamba hajawahi kulisikia likiitwa vile hata siku Kushal alipovunja kioo cha duka.

Kushal alishuka na mswaki mdomoni. Alimwona mama yake, akamwona mkewe, akaona wanamtazama kwa macho ya aina moja, akatoa mswaki. Mama yake alimuuliza kwa Kigujarati, kisha, ili Hellen asikie, akamuuliza tena kwa Kiswahili, kanga iko wapi.

Wakati mwingine mtu akibanwa huanza kusema kweli kwa sababu hana akili ya kutunga kingine haraka. Kushal alisema alisahau jioni ile, kwa wasiwasi wa siku yenyewe. Alisema alitaka kuitoa kesho yake.

"Kesho yake ikawaje?" Hellen aliuliza.

"Nikakuta mmeshanuniana." Alikuwa anatazama sakafu. "Nikaona nikiitoa wakati ule, itaonekana kosa ni langu."

"Ukaona afadhali liwe letu," alisema Hellen.

Hakusema kwa sauti kubwa. Lakini zile hasira zote alizokuwa akimtupia mwanamke wa watu, asubuhi kwa asubuhi, trei kwa trei, zilirudi zikampata mwenye kosa, huyu aliyelala naye kitanda kimoja na kumwambia vumilia mke wangu, mama ndivyo alivyo. Naye Hellen akavumilia. Na mama, kumbe, alikuwa anaambiwa vilevile chumba cha pili: vumilia mama, Hellen ndivyo alivyo. Champaben alilitoa hilo mwenyewe, pale pale, huku akimnyooshea Kushal kidole.

"Iko wapi?" aliuliza tena.

Ilikuwa kwenye buti ya gari. Alikwenda, akarudi nayo. Alikuwa ameifungia jeki ndani yake, isigongane na tairi la akiba. Pindo lote lilikuwa jeusi kwa oili, na maneno yaliyoandikwa chini yalikuwa hayasomeki.

Champaben aliichukua, akaikung'uta, akaishika kwenye mwanga wa dirisha. Mkono wake ukatambaa kwenye kitambaa kama mkono wa mtu aliyeuza vitambaa maisha yake yote.

"Hii nimeiuza mimi," alisema. "Mwanamke mmoja mnene. Alizunguka duka zima, ananitazama mimi kuliko anavyotazama kanga. Akanibania bei mpaka nikachoka. Nilidhani mwizi."

"Ni shangazi," alisema Hellen. "Alikuja kukuona."

Champaben alikunja uso kama anayetaka kucheka, akakataa kucheka. Akamsogelea Hellen. Hakumfunika kwa upole. Alimtupia kanga ile mabegani jinsi unavyotupia shuka kwenye kamba ya kuanikia, akaivuta huku na huku ikae sawa, akaifunga fundo kifuani kwa nguvu kiasi cha kumkaba. Oili ilinuka. Hellen aliinamisha kichwa kama alivyofanya jioni ile, kwa sababu hakujua afanye nini kingine, na machozi yakamtoka kwa hasira.

"Haya," alisema Champaben. "Sasa pakua."

Uji uliopakuliwa ulikuwa na harufu ya kuungua. Hellen alipakua mabakuli matatu, akapanga ndizi na korosho juu, akamimina samli kidogo mpaka ikatambaa kingo. Champaben alichukua la kwanza. La pili akamsukumia Hellen. La tatu, Kushal alipolinyooshea mkono, aliliondoa akampa Teodora.

"Wewe nenda kafungue duka," alimwambia mwanawe.

Kushal alimtazama mkewe. Hellen alikuwa anapuliza uji wake. Alikuwa na mengi ya kumwambia yule mwanaume, na angeyasema yote, lakini si leo, na si kwa tumbo tupu. Begi bado lilikuwa chini ya kitanda, na hakuwa ameamua litafunguliwa lini. Kushal akaondoka na mswaki wake.

Champaben alionja amesimama. Akaonja tena, akatafuta ndizi kwa kijiko, akaitafuna polepole. Aliuliza samli ya wapi. Hellen akasema ya ng'ombe wa baba yake. Champaben akaguna. Halafu akaweka kijiko ndani ya bakuli, akavuta pumzi, na Hellen akaona kifua cha yule mama kinajaa kama anayejiandaa kubeba gunia.

"Umeungua," alisema. "Sukari guru umetia mapema, ndiyo maana imeshika chini. Iliki umeponda na maganda, tutafune majani kama mbuzi? Zabibu hukuosha. Sufuria mpya, siku ya kwanza, umeshaiharibu. Wewe Hellen, nani alikufundisha kupika?"

"Umeungua kwa sababu tulikuwa tunagombana."

"Ukitaka kugombana, punguza moto kwanza."

Teodora alinyanyuka kuichukua sufuria, kama alivyonyanyuka siku zote. Champaben akampiga kofi dogo mkononi.

"Acha. Aliyeunguza ndiye anayesugua."

Hellen akamaliza uji wake hadi mwisho, na bakuli akalifuta kwa kidole. Kisha akakunja pindo la kanga yenye oili isilowe, akafungua bomba, akashika waya wa kusugulia. Ukoko ulikuwa mweusi na umeshika kweli. Alisugua kwa hasira yake yote, ya jana na ya juzi na ya mwaka na nusu, mpaka mabega yakauma, na hakuna aliyekuja kumwambia akae apumzike. Nyuma yake alisikia sauti ya kijiko kikikwangua bakuli.

"Wewe Hellen," sauti ya Champaben ikasema. "Pembeni hapo hujasugua."